Wacheni Kulaumu Vidole

Kuna uongo mmoja unaorudiwa kila mahali gitaa la umeme linapofundishwa hapa kwetu, kuanzia vyumba vya nyuma ya kanisa mpaka kwa keja za wanafunzi ambazo kitanda ndicho kiti na ndicho pia stendi ya amplifaya. Uongo wenyewe ni huu: ukiumia, ni vidole vyako. Vumilia. Vitakomaa. Hata mimi nilitoka damu. Na yule anayeanza, ambaye hajui lolote, anaamini, kwa sababu aliyemwambia anapiga sebene bila kuangalia mikono.

Ncha za vidole hukomaa, hilo sikatai. Ngozi hufanya sugu, na baada ya wiki kadhaa unasahau kwamba nyuzi ziliwahi kukuchoma. Lakini kuna maumivu ya pili ambayo hayana uhusiano wowote na ngozi. Yanakaa pale chini ya kidole gumba, kwenye nyama ya kiganja, halafu yanateremka mpaka kifundo cha mkono. Hayo hayatoki kwa uvivu. Yanatoka kwa gitaa ambalo nyuzi zake zimesimama mbali na ubao, na mara nyingi sana zimesimama mbali kwa sababu shingo imepinda na hakuna mtu aliyewahi kuiangalia. Huko ndiko ugomvi wangu uliko. Tunawafukuza watu kwenye muziki kwa kosa la mbao.

Hebu fikiria shingo ya gitaa ni kitu gani. Ni ubao mrefu, mwembamba kiasi cha kushikika kwa mkono mmoja, na juu yake zimekazwa nyuzi sita za chuma. Seti ya kawaida, ile tunayoita ya namba kumi, ikituniwa kwa sauti ya kawaida kwenye gitaa la aina ya Stratocaster, inavuta kwa nguvu ya karibu kilo 46. Mfuko wa simiti ni kilo 50. Kwa hiyo kila gitaa unaloona limening'inia ukutani limebeba karibu mfuko mzima wa simiti, mchana na usiku, hata likiwa halipigwi. Ubao wowote utapinda. Swali ni kiasi gani, na nani anaangalia.

Nilikaa mihula mitatu kwa darasa la uhandisi kabla sijaacha chuo, na muda wote huo nilichora boriti zinazopinda chini ya mzigo, mishale juu, mishale chini, hesabu ukurasa mzima. Hakuna siku tuliletewa boriti tuiguse. Boriti ya kwanza niliyoiona ikipinda na kunyooka mbele ya macho yangu ilikuwa shingo ya gitaa.

Waliotengeneza haya magitaa walilijua tatizo zamani. Thaddeus McHugh, mfanyakazi wa Gibson kule Kalamazoo, alipewa hataza mwaka 1923 ya chuma kinachopita ndani ya shingo na kukazwa kwa nati. Chuma hicho mafundi wetu wanakiita trasi rodi. Nyuzi zinaivuta shingo mbele, chuma kinaivuta nyuma, na wewe unaamua nani ashinde na kwa kiasi gani. Leo Fender mwanzoni aliona kwamba shingo ya mti wa mepo ni ngumu vya kutosha, haihitaji chuma. Esquire za kwanza za mwaka 1950 zikatoka bila rodi. Shingo zikapinda, na kabla ya mwaka kwisha rodi ikawekwa. Martin, wao wa magitaa yasiyo ya umeme, walingoja mpaka 1985 ndipo wakaanza kuweka rodi inayorekebishwa. Nasema haya kwa sababu kuna watu wanaongea juu ya trasi rodi kana kwamba ni kitu cha siri kilichofichwa ndani ya gitaa ili kisiguswe. Kama haikutakiwa kuguswa, mbona ikawekewa nati na tundu la kuifikia?

Sasa chukua gitaa la kawaida linalonunuliwa Nairobi. Limetengenezwa Indonesia ama Uchina. Limefungwa kwa boksi, likapanda meli, likakaa wiki kadhaa baharini katika unyevu wa ikweta, likashuka Mombasa ambako hata chumvi ya mezani inaloa, kisha likapandishwa mpaka mji ulio karibu mita 1,700 juu ya bahari wenye hewa nyingine kabisa. Mbao hunywa unyevu na kuutema. Safari hiyo peke yake inatosha kuibadilisha shingo. Halafu linafunguliwa dukani, linatundikwa, na bei inabandikwa. Hakuna aliyelituni na kupima. Hata ile spana ndogo ya pembe sita, ya aleni, inayokuja ndani ya kimfuko pamoja na kebo, mara nyingi haifiki nyumbani kwa mnunuzi. Imebaki kwa boksi, na boksi limebaki dukani. Unauziwa gari halafu jeki inabaki kwa muuzaji.

Miaka miwili iliyopita niliombwa kuwasaidia vijana wa kanisa moja la mtaani, sitalitaja, waliokuwa wamenunuliwa gitaa la umeme na washirika. Walianza sita. Nilipofika walikuwa wamebaki wawili, wavulana wote. Wasichana watatu walikuwa wameacha, na mwalimu wao alikuwa na maelezo tayari: mikono ya wasichana ni laini, kodi ya F iliwashinda, ni heri waimbe. (Kodi ya gitaa, si ya nyumba, ingawa zote mbili huumiza.) Alisema bila ubaya, vile mtu anavyosema kwamba mvua itanyesha.

Nikachukua hilo gitaa. Nikalituni, nikabana uzi wa sita kwenye freti ya kwanza na pale shingo inapokutana na mwili, nikaangalia nafasi iliyobaki kati ya uzi na freti ya saba. Kadi yangu ya benki ilipita hapo bila kugusa kitu. Kadi ya benki, yoyote ile, popote duniani, ina unene wa milimita 0.76. Kipimo ambacho Fender wanashauri kwa magitaa yao mengi ya kisasa ni milimita 0.25. Wale wasichana walikuwa wanadaiwa waminye nyuzi zilizopinda zaidi ya mara tatu ya inavyotakiwa, na walipolia wakaambiwa ni jinsia yao.

Nilizungusha nati robo, nikatuni, nikangoja, nikazungusha robo nyingine. Kazi yote haikumaliza saa moja, na sehemu kubwa ya hiyo saa ilikuwa kungoja. Mmoja wa wale wasichana alirudi. Wawili hawakurudi, na sioni kwa nini wangerudi. Walikuwa washaambiwa wao ni watu wa namna gani.

Kuna watakaonijibu kwamba robo ya milimita ama nusu ya milimita haiwezi kuwa kitu. Basi ngoja nieleze kinachobadilika mkononi, kwa sababu ndipo penye utamu. Shingo ikipinda mbele sana, tumbo la shingo, kuanzia freti ya tano hadi ya kumi hivi, linakuwa bonde. Uzi unapita juu kama daraja juu ya mto. Kila noti katika hilo bonde inadai uzi ushushwe zaidi kabla haujagusa chuma, na mambo mawili hutokea. La kwanza, mkono unachoka, na mkono uliochoka unajifunza kushika kwa hofu. Unakaba shingo kama mtu aliyeshika mlango wa matatu. Tabia hiyo haitoki hata ukipewa gitaa zuri baadaye. Nimeona watu wenye miaka kumi ya kupiga ambao bado wanakaba. La pili, uzi ukishushwa sana unavutika, na ukivutika sauti inapanda. Unatuni nyuzi zikiwa wazi, kila kitu sawa, halafu unapiga kodi katikati ya shingo na inatoka chachu. Mwalimu anakwambia sikio lako ni bovu. Kumbe sikio lako ndilo zima katika chumba kizima.

Shingo ikinyooshwa kupita kiasi, ama ikarudi nyuma, shida inageuka. Uzi ukipigwa hautetemeki kwa mstari, unatanuka zaidi katikati, na unahitaji nafasi ya kucheza. Ukiunyima, unagonga freti na kulia zzz, hasa kwenye freti nne tano za kwanza. Kwa hiyo shingo inayofaa si ile iliyonyooka kama rula. Ina mbonyeo mdogo, mdogo sana, na huo mdogo ndio unaogombaniwa.

Na hapo hakuna namba takatifu. Mtu anayepiga ridhimu kwa mkono mzito, anayecharaza nyuzi zote sita katika ibada ya saa tatu, anahitaji mbonyeo zaidi kuliko yule anayegusa nyuzi kama anapapasa maji. Mimi napenda shingo yangu karibu kunyooka, kiasi kwamba nikipiga kwa hasira inalalamika. Rafiki yangu mmoja akilishika gitaa langu anasema ni kama kukimbia kwa viatu vya kubana. Mimi nikilishika lake naona kama natembea kwa matope. Sote tuko sawa. Kipimo cha kiwanda ni mahali pa kuanzia. Tofauti ni kwamba sisi tulichagua, na wale watoto wa kanisa hawakujua kuna kuchagua.

Huwa kuna mtu anayesimama hapa na kuleta wazee. Wazee wetu, atasema, walipiga magitaa mabovu na wakaacha muziki ambao nyinyi watoto wa YouTube hamtaukaribia. Jean-Bosco Mwenda alitumia kidole gumba na cha shahada tu, na Hugh Tracey alipomrekodi mwaka 1952 dunia ikashangaa. George Mukabi aliweka mdundo kwa chupa ya Fanta. Nani aliwapimia shingo?

Jibu ni kwamba hoja hiyo inanisaidia mimi. Wengi wa kizazi kile walianza kwa magitaa ya kujitengenezea, debe, ubao na waya. Mtu aliyejitengenezea gitaa alijua kila kipande chake kinafanya nini. Uzi ukiwa juu alichonga. Ukiwa chini alichomeka kijiti. Alikuwa fundi kabla ya kuwa mpigaji, na hakuna aliyemwambia asiguse. Sisi ndio tulioletewa kitu kimefungwa kwa plastiki, tukakiogopa. Kuwatumia wale wazee kutetea ujinga wetu ni kuwavunjia heshima.

Halafu tuangalie muziki wenyewe. Benga haikai kwenye kodi za wazi kule kichwani mwa gitaa. Solo ya benga inapanda, inakimbia juu ya shingo kwa noti mojamoja na mbilimbili, inaifuata sauti ya mwimbaji na kumjibu, na wimbo ukifika pale mwishoni ambapo maneno yananyamaza na gitaa linashika usukani, mkono wa kushoto hauna nafasi ya kupumzika. Sikiliza D.O. Misiani na Shirati Jazz. Muziki huo unaishi katika lile bonde nililotaja. Rumba vilevile, na wale wapigaji wa mi-solo wanaotoa uzi mnene na kuweka mwembamba mahali pake: ukibadilisha nyuzi umebadilisha kilo zinazovuta, na shingo lazima isogee. Seti ya namba tisa inavuta kama kilo 38 badala ya 46. Kilo nane si mchezo. Kama kuna watu duniani wanaohitaji kuelewa trasi rodi kuliko mvulana wa Ulaya anayepiga kodi tatu za roki, ni sisi.

Na kuelewa kwenyewe si kugumu. Tuni gitaa kwanza, kwa sauti unayoitumia siku zote, maana shingo iliyolegezwa nyuzi haikuambii ukweli. Liweke jinsi unavyolipiga, usililaze. Kama huna kepo ya kubana freti ya kwanza, funga kalamu kwa kipande cha blada, ile ile ya kufungia mizigo kwa bodaboda. Kwa mkono wa kulia bana uzi wa sita pale shingo inapokutana na mwili. Sasa uzi umekuwa rula yako. Angalia nafasi iliyo juu ya freti ya saba ama ya nane. Fila geji, zile karatasi za chuma ambazo makanika hupimia valvu, inapatikana Kirinyaga Road na popote panapouzwa spea. Huna hela? Chukua uzi wa kwanza uliokatika wa seti ya namba kumi. Unene wake ni inchi 0.010, ambayo ni milimita 0.25, kile kile kipimo tunachotafuta. Uchomeke hapo. Ukipita kwa kugusa kidogo tu, uko nyumbani. Ukielea, shingo imepinda mbele. Usipopita kabisa, imenyooka sana ama imerudi nyuma.

Ukiitazama nati kwa upande wake, kuzungusha jinsi mishale ya saa inavyokwenda kunakaza, na shingo inanyooka. Kinyume chake kunalegeza, na nyuzi zinaivuta mbele. Robo mzunguko, basi. Tuni tena. Pima tena. Acha, kanywe chai, mbao hazina haraka. Legeza nyuzi kidogo kabla ya kukaza. Na spana iwe saizi yake kamili. Hapa ndipo watu huharibu, kwa kulazimisha ya milimita wakati gitaa linataka ya inchi, mpaka tundu linakuwa duara.

Rodi inaweza kukatika, ndiyo. Ikigoma, ukaona unatumia nguvu ya kufungua tairi, acha. Lakini kutoka kwa ukweli huo mdogo watu wamejenga dini nzima ya usiguse kamwe. Jiko la gesi pia linaweza kulipuka na tunawafundisha watoto wa darasa la sita kuliwasha.

Tena si kila ugonjwa ni wa shingo. Kama mbonyeo uko sawa na freti ya kwanza bado ni ngumu, angalia kile kipande cha mfupa ama plastiki kule kichwani. Mifereji yake haijachimbwa vya kutosha, na ndicho kinachofanya F iwe adhabu. Kama nyuzi ziko juu huku chini tu, freti ya kumi na mbili kwenda mbele, shusha vitandiko vya kwenye briji. Rodi haikuwekwa kwa ajili ya kushusha nyuzi. Kuna mafundi wanaoitumia hivyo, wanakaza mpaka nyuzi zishuke, mteja anafurahi kwa siku tatu, kisha freti za mwanzo zinaanza kulia.

Mafundi wenyewe wameninunia kwa maneno haya. Mmoja aliniambia wazi kwamba nawaharibia kazi. Nilimwambia fundi wa baiskeli hajafa njaa kwa sababu watu wana pampu nyumbani. Freti zilizoliwa zinahitaji kusawazishwa, waya zinahitaji kuchomelewa, mifereji inahitaji faili ambazo mtu wa kawaida hatanunua. Kazi ipo. Ninachopinga ni ile ya kulichukua gitaa la mtu, kwenda nalo nyuma ya pazia, kuzungusha robo, na kurudi baada ya siku mbili na bili na uso wa daktari wa upasuaji.

Na nyinyi walimu. Kuna ule msemo wa asiyejua kucheza ngoma kusingizia uwanja, mnaupenda sana. Sawa. Lakini kuna viwanja vyenye mashimo, na aliye na jukumu la kuangalia shimo ni yule aliyewaita watu waje kucheza. Mwanafunzi hawezi kujua. Hana gitaa la pili la kulinganisha. Yeye anajua maumivu yake tu, na anakutazama wewe umwambie maana yake.

Nikienda dukani siku hizi naomba gitaa lituniwe mbele yangu, nabana uzi, natoa kadi ya benki kabla ya kuitumia kulipa. Wauzaji wengine hudhani nimechanganyikiwa. Mmoja aliuliza nafanya nini, nikamwonyesha, akaenda kujaribu kwa magitaa yote yaliyokuwa ukutani, moja baada ya lingine, na kadi yake mwenyewe. Matano yaliipitisha. Akaniuliza kama ile spana ndogo kwa boksi ndiyo ya hiyo kazi. Kama gitaa lako lina nati iliyogoma na lazima uende kwa fundi, mwombe ukae hapo uangalie. Akikataa, chukua gitaa lako uende kwa mwingine.